Maghribi Ilinikuta Wapi: Kumi la Mwisho la Ramadhani, Nairobi hadi Mombasa

Nimeishi Nairobi, mtaa wa South B, kwa miaka tisa sasa, na kwa miaka yote hiyo Ramadhani yangu imekuwa ya mtu mmoja: tende tatu kwenye mfuko wa shati, chupa ya maji, na msongamano wa magari ya jioni ambamo adhana huniingia sikioni kupitia simu. Mwaka wa 2024, yaani 1445 Hijria, niliomba likizo ya siku kumi, nikaamua kwenda kulimaliza kumi la mwisho kwa khalati wangu, dada yake mama, anayeishi Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa. Maelezo haya nimeyapanga baada ya kurudi, kwa msaada wa picha na daftari dogo ambalo, nilipolifungua, nilikuta karibu kila ukurasa una mambo mawili tu niliyoyaandika bila kukusudia: nimetumia shilingi ngapi, na Maghribi imenikuta wapi.

Jumanne, 2 Aprili (22 Ramadhani): Nairobi hadi Mombasa

Nilitaka kusafiri mwishoni mwa juma, lakini hiyo ilikuwa Pasaka, na tiketi za treni zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Nikapata nafasi ya Jumanne saa tisa alasiri, daraja la kawaida, kwa shilingi 1,500. Nauli hiyo ilikuwa 1,000 hadi mwaka huo ulipoanza, na kila niliyeketi naye safarini alikuwa na neno la kusema juu ya jambo hilo. Tiketi nilikata kwa simu, kwa kupiga *639# na kulipa kwa M-Pesa, jambo ambalo nampendekezea kila mtu, kwa sababu foleni ya dirishani haimfai mwenye kufunga.

Asubuhi nilimpigia khalati kumweleza kwamba, kwa kuwa mimi ni msafiri, huenda nikala mchana nikalipa baadaye. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nitaondoka saa ngapi. Nilipomjibu alisema, "Basi wewe Alfajiri ilikukuta kwako, umekaa kitako. Ruhusa ya leo huna, mwanangu." Ndivyo ilivyo katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo watu wengi wa pwani yetu huyafuata: mwenye kutaka kufungua kwa ajili ya safari awe ameshatoka mjini kwake kabla ya Alfajiri. Anayenuia kuondoka mchana na auzingatie mpango wake mapema, na ajue pia kwamba akinuia kukaa aendako siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo humwisha anapofika.

Kutoka stesheni kuu ya Nairobi nilipanda treni ya mjini hadi Syokimau. Hapo mizigo hupangwa mstari chini, watu hurudi nyuma, na mbwa wa polisi hupitishwa akiinusa mmoja mmoja. Mfuko wangu ulikuwa na kilo mbili za tende, na mbwa alisimama juu yake muda mrefu kuliko nilivyopenda. Fika saa moja na nusu kabla ya treni kuondoka, wala usijidanganye kwamba nusu saa itatosha.

Baina ya Athi River na Mtito Andei nililala.

Nilipoamka tulikuwa ndani ya Tsavo, udongo mwekundu pande zote, na mbele yangu wameketi mama mmoja aliyekuwa akitoka kwao Kitui kula Pasaka, kijana mwenye vipokea sauti masikioni, na mzee mmoja wa kanzu na kofia ya vito. Tulipokaribia Voi kijana alitoa simu yake akasema Maghribi tayari, kwani alikuwa ameipanga kwa saa za Mombasa. Yangu, iliyokuwa bado ikihesabu saa za Nairobi, ilidai tuna zaidi ya dakika kumi. Baina ya miji hiyo miwili jua hutofautiana kiasi hicho, nasi tulikuwa katikati, hatuko huku wala kule. Tukawa tunabishana kwa adabu, tende mkononi, hadi mzee akasema, "Jua lenyewe li hapo dirishani, nanyi mwaziuliza simu?" Sote tukageukia upande wa kulia. Lilikuwa limebaki ukucha tu juu ya vilima, na ndani ya behewa watu waliokuwa wakizungumza walinyamaza, hata wasiofunga. Mama wa Kitui ndiye aliyetamka kwanza, "Limeingia." Akafungua kopo lake la plastiki, akatupa kila mmoja kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, akasema alikuwa akikihifadhi tangu Emali kwa sababu aliona aibu kula mbele yetu. Mzee aliswali akiwa ameketi kitini, sisi vijana tukasubiriana kwenye nafasi ndogo karibu na mlango.

Tulifika Miritini, kwenye stesheni ya Mombasa, mwendo wa saa mbili usiku. Matatu hadi mjini ilikuwa shilingi 150, na tuktuk hadi Kibokoni nyingine 150, baada ya kuanzia 300. Tarawehe zilikuwa bado zinaendelea, kwani misikiti mingi ya mtaani huko huswali rakaa 20, na sauti za maimamu zilikuwa zinapishana juu ya vichochoro.

Jumatano, 3 Aprili (23 Ramadhani): Likoni

Saa tisa na nusu usiku walipita wagonga madebe wakiita "Daku! Daku!" chini ya madirisha. Khalati alibisha mlango wa chumba cha juu nilikolala, nikajibu "Nimeamka, khalati," kwa sauti safi kabisa ya mtu aliyeamka, kisha nikalala tena. Kilichoniamsha ni adhana ya Alfajiri. Pembeni mwa kitanda nilikuta sahani ya wali na samaki wa kupaka, imefunikwa kawa, ambayo nilibaki kuinusa tu. Khalati hakunionea huruma hata kidogo. Alisema sahani hiyo itanisubiri.

Siku hiyo nilikuwa na bahasha ya rafiki wa kazini ya kumpelekea mamake huko Likoni, nami nikaona nitembee kwa miguu hadi kivukoni. Mombasa ya Aprili kabla ya mvua kushika ni joto linalokaa juu ya mabega kama gunia. Mikahawa mingi ya Mji wa Kale ilikuwa imefungwa, na ile michache iliyokuwa wazi ilikuwa imetundika mapazia mlangoni. Mtu mmoja alitoka nyuma ya pazia akifuta mdomo, watoto waliokuwa wakicheza gololi wakamwimbia "Kobe! Kobe!" mpaka akakata kona akicheka. Nawaambia wageni wasiofunga: chakula cha mchana kipo mjini, hasa upande wa barabara ya Moi na kwenye hoteli za watalii, lakini kula ukitembea katika vichochoro vya Mji wa Kale ni utovu wa adabu, na utakuwa kobe wa mtaa mzima.

Feri haina nauli kwa mtembea kwa miguu. Kwenda nilivuka vizuri. Kurudi, mwendo wa saa kumi na moja na nusu, nilikuta umati umejaa kwenye banda la kusubiria hadi nje, chombo kimoja kikiwa kimesimamishwa, tukasukumana humo karibu saa nzima. Sikuwa nimekula tangu usiku uliotangulia, na nilifika mahali nikawa nahesabu vigae vya paa ili nisihesabu dakika.

Muda mfupi kabla ya jua kuzama waliingia vijana watatu na masanduku ya plastiki, wakaanza kupita kwenye mistari wakigawa vifuko: tende tatu, chupa ndogo ya maji, sambusa moja. Hawakuuliza nani amefunga. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema, "Mimi si Mwislamu," kijana akamwekea viwili, kimoja cha mtoto. Nilipomaliza tende ya kwanza nilitaka kuwauliza wanatoka msikiti gani ili niuandike, lakini walikuwa wameshazama katika watu. Nilivuka nikiwa nimesimama, sambusa mkononi, taa za kisiwani zikiwaka.

Alhamisi, 4 Aprili (24 Ramadhani)

Nilinunua kanzu Biashara Street kwa shilingi 1,800, muuzaji akiwa ameanza na 3,000. Maghribi nyumbani.

Ijumaa, 5 Aprili (25 Ramadhani): Jikoni

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani misikiti haitoshi. Nilifika dakika arobaini kabla ya hotuba na bado niliswali nje, juu ya mkeka uliotandikwa barabarani, karibu na duka la vyerehani. Baadaye nilipita msikiti wa Mandhry, ambao umekuwapo tangu 1570, nikaketi kivulini chini ya mnara wake mweupe hadi Alasiri.

Lakini siku hiyo naikumbuka kwa jiko. Niliporudi nilimkuta khalati na binti zake wawili wameshaanza, nikajitolea kukuna nazi, nikidhani ni kazi ya robo saa. Zilikuwa sita. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna mpaka kiganja kikatoka lengelenge, huku mabinti wakichuja tui kwa kifumbu na kunicheka kwamba nakuna hadi kifuu, nao weusi wake unaingia katika tui. Kulikuwa na muhogo wa nazi jiko moja, mbaazi jiko la pili, na katika karai kaimati zilikuwa zinajigeuza zenyewe katika mafuta. Khalati alikuwa akikaza macho kwenye sufuria ya mbaazi. Huwa haonji akiwa amefunga, kwa hiyo chumvi huijua kwa harufu na kwa kuangalia povu. Nilimwuliza kama hajawahi kukosea. "Mara moja," alijibu, "mwaka ule uliozaliwa wewe."

Mwanamume anayesifu futari ya Mombasa bila kuwahi kusimama jikoni saa kumi alasiri, kiu kooni na moto usoni, sidhani ana haki ya kuisifu. Mimi nilisimama siku moja tu, na nilitoka mara mbili kwenda kunawa uso.

Nusu saa kabla ya Maghribi sahani zilianza kutembea. Mtoto wa jirani alileta tambi zilizofunikwa kwa kitambaa, akaondoka na kaimati. Wa nyumba ya pili alileta mkate wa sinia, akaondoka na mbaazi. Sahani hairudi tupu. Nilihesabu saba zilizoingia na nane zilizotoka, ile ya nane ikienda kwa mlinzi wa duka la pembeni, Mluhya kutoka Kakamega, ambaye alinieleza kwamba Ramadhani hanunui chakula cha jioni mwezi mzima. Adhana ilipoita nilikuwa nimeketi mkekani nikiwa na finjani ya uji wa mchele wenye pilipili manga, kiganja kikiniwasha.

Kwa asiye na jamaa mjini: nenda Makadara au vichochoro vya Kibokoni kuanzia saa kumi na moja jioni. Viazi karai, bajia, kaimati, vitumbua na juisi ya ukwaju vimepangwa mezani kila upande, na mwaka huo kwa shilingi 200 mtu mmoja aliweza kufuturu na kubakisha. Beba sarafu na noti ndogo.

Jumamosi, 6 Aprili (26 Ramadhani, usiku wa 27)

Tulifuturu haraka, kwani kila mtu alitaka nafasi msikitini. Usiku wa 27 ndio wengi huutarajia kuwa Lailatul-Qadri, ingawa masheikh hawachoki kukumbusha kwamba umefichwa katika kumi zima. Nilipata nafasi safu ya tatu. Imamu alikuwa akielekea kuhitimisha Qur'ani aliyoianza usiku wa kwanza, na nyuma yake alisimama mvulana ambaye simkadirii zaidi ya miaka kumi na miwili. Katika rakaa mojawapo imamu alisita, akarudia aya, akasita tena. Mvulana alimtajia neno moja, kwa sauti nyembamba isiyotetemeka. Imamu akalichukua na kuendelea. Mzee aliyekuwa kando yangu alianza kulia.

Mvua ilishuka mwendo wa saa saba usiku, mvua ya masika yenyewe, na waliokuwa wakiswali nje walikimbilia ndani na mikeka inayochuruzika. Tukabanana hata ikawa kusujudu ni kwa zamu ya mabega. Mtu nisiyemjua alinitandikia nusu ya kikoi chake mahali palipolowa.

Jumapili nililala mchana kutwa, na sioni sababu ya kuificha.

Jumatatu, 8 Aprili (28 Ramadhani): Barazani

Baada ya Tarawehe niliketi kwenye baraza moja karibu na nyumbani, ambapo muuza kahawa alikuwa akiweka dele lake juu ya makaa na kuuza finjani moja kwa shilingi 10, kashata 10. Hapo ndipo habari za mji hupimwa. Usiku huo habari ilikuwa moja: Marekani jua linapatwa, na vijana walikuwa wakilitazama kwenye simu likigeuka duara jeusi, wakati huku kwetu ni saa nne usiku.

Kulikuwa na ubishi mdogo juu ya mwezi. Wapo waliofunga Jumatatu 11 Machi kwa kufuata Saudia, na sisi tuliofunga siku iliyofuata kwa tangazo la Kadhi Mkuu, na kila mwaka swali huwa ni nani ataswali Idi peke yake. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hakuwa amesema neno tangu niketi, aliomba simu, akalitazama lile jua jeusi, akairudisha. "Mwezi uko mbele ya jua sasa hivi," alisema. "Basi leo hakuna popote duniani aliyeuona. Kesho utakuwa umeshajitenga. Wao watatimiza thelathini, sisi ishirini na tisa, na Jumatano tutakula biriani sote." Akaagiza finjani nyingine.

Jumanne, 9 Aprili (29 Ramadhani): Darini

Mchana khalati alipima zaka ya fitri kwa kibaba cha bati kilichoachwa na bibi yetu: vibaba vinne ni pishi, na kila kichwa pishi moja ya mchele, takribani kilo mbili na nusu hadi tatu. Nilimwambia yangu nitaitoa Nairobi nikirudi. Alikataa. Fitri, alisema, huifuata Maghribi ya mwisho: hapo jua litakapokuzamia ndipo penye maskini wako. Akapima pishi yangu, nikamlipa mchele wake.

Jioni nilitangaza kwamba nakwenda Mama Ngina kutazama mwezi, kwa kuwa bahari ni wazi pale. Nyumba nzima ilicheka. "Mwezi mwandamo watazamwa magharibi," binti mdogo alinifahamisha, "nawe waenda kuutafuta mashariki, utakutana na meli." Tukapanda darini, majirani nao wakiwa juu ya mapaa yao, nyuso zote zikielekea Makupa. Maghribi ilitukuta huko, tende mkononi, mawingu yakiwa yametanda. Hatukuona kitu kwa dakika kumi nzima. Kisha wingu moja lilipasuka, na mwanamke wa paa la tatu akapiga kigelegele kabla yetu sisi kuona. Ulikuwa mwembamba kama ukingo wa sahani. Takbira zilianza misikitini hata kabla redio haijasema lolote, na khalati aliteremka mbio, maana nyama ya biriani ilikuwa bado haijatiwa viungo.

Jumatano, 10 Aprili: Idi

Swala uwanjani, matope, kanzu nyeupe zimepata madoa hadi magotini. Mzee mvuvi nilimwona mbali akanipungia vidole viwili, kisha tisa. Watoto walipita nyumba kwa nyumba wakidai mkono wa Idi, nikatumia shilingi 900 za noti za hamsini na sarafu, kisha jioni nikawapeleka Makadara kwenye pembea. Tenga fedha hizo kabla; benki haifunguliwi, na kila duka limekwishamaliza chenji.

Ijumaa, 12 Aprili: Kurudi

Treni ilikuwa imejaa hadi Jumatatu. Nilikata basi la usiku kwa shilingi 1,800, la saa tatu, ambalo liliondoka saa tano kasoro bila yeyote kutuomba radhi. Kwa hiyo ushauri wangu wa mwisho ni kwamba tiketi ya kurudi baada ya Idi inunuliwe siku ileile inunuliwapo ya kwenda. Khalati alinifungia kaimati katika kopo la maziwa ya unga, akanionya nisizimalize kabla ya Voi. Zilikwisha Mariakani.

Mahali fulani baada ya Emali, giza totoro na mvua ikipiga vioo, kengele ya simu yangu ililia: saa kumi usiku, daku, nilikuwa nimesahau kuizima. Niliipapasa chini ya kiti huku nikiomba msamaha kwa kunong'ona. Mwanamume wa kiti cha mbele alikuwa ameshaketi wima, amefungua chupa ya maji na kuigugumia nusu, kabla ya kugeuka na kuniuliza, macho bado yamefumba, kama adhana imekaribia.